Uzi: Fanicha za nyumba yenye watoto, omba kuona fremu kabla haijavishwa kitambaa

BabaWatatu (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi jirani yangu kaniuliza akanunue wapi seti ya makochi. Tukasimama getini saa nzima hadi chakula kikapoa. Nimeona yale niliyomwambia niyaweke hapa, na mafundi waliomo humu watusahihishe. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho ana minne, na hakuna kitu ndani ya nyumba yangu ambacho hakijapandwa, kurukiwa au kumwagiwa uji.

Kochi letu la kwanza nililinunua Dar mwaka 2014, duka la barabarani. Mahameli ya rangi ya zabibu, vifungo vinang'aa, mke wangu alilipenda tangu mlangoni. Miaka mitatu haikuisha. Mtoto alipoanza kurukaruka likawa linalia, kisha siku moja likazama katikati. Nikamwita fundi, akalilaza kifudifudi, akachana kitambaa cha chini. Mbao ya mbele, ile inayobeba uzito wa wote wanaokaa, ilikuwa vipande viwili vya paini vilivyokutanishwa katikati kwa misumari. Mikono ilikuwa mabanzi, maganda ya mti bado yapo, yamefunikwa kwa boksi ili yasionekane. Sponji lilikuwa makombo ya rangi rangi yaliyogandishwa. Yaani pesa yangu yote ilikwenda kwenye kitambaa.

Tangu siku hiyo sinunui kochi lililokwisha kuvishwa, labda niwe namfahamu aliyelitengeneza. Ukipita Keko, pale Dar, utayaona makochi yamepangwa nje yakiwa fremu tupu, bado hayajavaa. Hapo ndipo pa kufanyia ununuzi. Shika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari uzisukume kama unakamua nguo. Ikicheza leo, kwa watoto itaachia. Halafu inua mguu mmoja wa mbele kama shibiri moja kutoka chini. Fremu nzuri itanyanyua na mguu wa pili wa mbele. Ule mguu ukibaki umekaa sakafuni, ujue fremu inajipinda. Angalia mbao ya mbele kama ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na isiwe na kifundo kikubwa katikati, maana mbao huvunjikia hapo. Pembeni kwa ndani pawe na vipande vya pembetatu vilivyotiwa gundi na skrubu. Kochi la misumari mitupu huachia kwa sababu msumari hulegea kidogo kila mtu anapokaa na kuinuka. Skrubu na gundi havitoki kirahisi hivyo, na ulimi wa mbao ulioingia ndani ya tundu lake unavishinda vyote.

Kosa la pili nililifanya nikiwa nadhani nimeshajua. Nilitengenezesha meza ya chakula ya mninga, na viti sita. Mwaka 2019 nikahamishiwa Dodoma kikazi, wakati watumishi wengi tunahamia huku baada ya lile tangazo la Rais Magufuli la 2016. Meza ikaja kwenye lori, ikafika salama. Ilipofika Agosti, kiangazi kimekolea, tukiwa tunakula tukasikia mlio. Uso wa meza umepasuka kwa urefu, nafasi unaweza kupitisha sarafu. Nilimlaumu sana aliyeitengeneza, ila fundi wa hapa Dodoma ndiye aliyenifungua macho. Mbao ilikatwa na kuungwa pwani kwenye unyevu, na huenda ilikuwa haijakauka vizuri, kisha ikaletwa kwenye hewa kavu. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Uso ulikuwa umepigiliwa misumari kuzunguka fremu yote, hauna pa kusogea, ukachanika. Aliibandua misumari yote, akaziba ufa, akaufunga uso kwa vishikio vyenye tundu refu ili skrubu iweze kuteleza. Huu ni mwaka wa saba na haujafunguka tena.

Kama unahama kutoka pwani kuja bara kavu, au unaagiza meza Dar uko Singida au Dodoma, mwulize fundi swali moja: uso wa meza umeufungaje? Akikuelewa, uko mahali salama.

MamaMapacha (Mwanza)

Asante sana kaka. Mimi nina mapacha wa kiume wa miaka mitano, utanielewa. Maswali yangu mawili. Kwanza, malipo: ukimpa fundi pesa yote anapotea, ukimpa kidogo anakwambia haitoshi kununua mbao. Pili, kitambaa gani? Changu cha sasa hakitoki, kimeshonewa humo humo, na kina ramani ya juisi, maziwa na vingine nisivyoweza kuvitaja.

RandaNaMsasa

Mleta uzi umesema kweli, na mimi ni fundi, nimeanza kushika randa Keko miaka 18 iliyopita. Naomba niongezee kwenye mbao maana hapo ndipo wateja wetu wanaumia.

Mninga ni mbao nzuri mno, na sifa yake kubwa ni kwamba hausinyai sana ukilinganisha na mbao nyingine. Kwa hiyo meza yako, mkuu, haikupasuka kwa kosa la mninga. Ilipasuka kwa kuwa mbichi na kwa misumari. Mbao ya inchi moja ikianikwa kivulini, imepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, huhitaji karibu mwaka ndiyo ikauke sawasawa. Fanicha ya ndani inataka unyevu wa asilimia 12 hivi. Wachache wetu tuna kipima unyevu, ila wewe mteja weka ubao shavuni: mbichi ni wa baridi. Unyanyue pia, mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia.

Jambo la pili ni weupe. Mti wa mninga una moyo wa kahawia na nje yake kuna weupe. Moyo mdudu hauwezi kirahisi, weupe anaula. Ukiona chini ya kitanda kuna unga laini kama wa ngano na vitundu kama vya sindano, mbao imebunguliwa, na mara nyingi utakuta ni ile sehemu nyeupe iliyopakwa rangi ili ifanane na moyo. Fundi mwaminifu huikata akaitupa. Anayebana gharama huigeuza ikatazama ukutani. Kwa hiyo kagua nyuma ya kabati, chini ya chaga, ndani ya droo. Na mtiki ni hivyo hivyo. Ule wa mashamba ya zamani kama Longuza kule Muheza au Mtibwa una moyo mpana, lakini mtiki mchanga wa shamba la mtu, uliokatwa haraka, karibu wote ni weupe.

Paini ya Mufindi, ya Sao Hill, msiidharau. Ni laini, inachubuka kwa kijiko, lakini kitanda cha paini kavu iliyoungwa vizuri kinamlea mtoto hadi anamaliza shule. Ninachowaomba kwa moyo wote: zile mbao zenye rangi ya kijani za kuezekea zisitumike kwa kitanda wala meza ya mtoto. Ukijani ule ni dawa yenye arseniki na kromiamu. Inafaa darini, huko mtoto halambi. Kuna mafundi wanaokata mabaki ya kuezekea wakatengenezea vitanda vya watoto, wanavipaka rangi juu, na mzazi hajui. Kama mnahitaji dawa ya mdudu kwa fanicha ya ndani, ombeni ya boroni.

Na kuna paini au mlingoti unaopakwa rangi ukauzwa kama mninga. Kwaruza kidogo kwa msumari mahali pasipoonekana. Rangi ya mninga iko hadi ndani. Ya kupaka inaishia juu juu.

Mama, kuhusu malipo: lipa kwa hatua. Toa ya mbao, na ikiwezekana nendeni wote kununua. Fremu ikisimama njoo uione, ishike, itikise, ndipo utoe ya sponji na kitambaa. Inayobaki utatoa kochi likiwa limefika nyumbani. Fundi anayekataa uone fremu ana sababu yake.

Sponji usilipime kwa ugumu wa kidole. Sponji gumu linaweza kuwa jepesi na likazama baada ya miezi sita. Uliza uzito wake kwa mita ya ujazo. Kwa makalio ya kochi la kila siku, chini ya kilo 30 usikubali.

MpangajiWaSinza

Nawaheshimu wakuu, ila mnaandika kama watu wenye nyumba zao. Mimi nimepanga, nimehama mara nne kwa miaka sita, nina watoto wawili. Kabati la mninga la milango mitatu lilinigharimu kuliko pango la miezi kadhaa, na nyumba ya tatu halikupita kwenye ngazi. Tuliliacha uani kwa mwenye nyumba, likanyeshewa. Sasa nina vitanda vya chuma na kabati la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na sijutii.

MDF adui yake ni maji. Sisi tunapiga deki kila asubuhi, maji yanatuama chini ya kabati, ukingo unanyonya, unavimba kama mkate uliolowa, na ukishavimba haurudi. Nilichofanya, nimeliinua kabati kwa vipande vya vigae, sentimita mbili tu, na ukingo wote wa chini nimeupaka vanishi mara tatu kabla ya kulisimamisha. Lina miaka mitano. Jambo jingine ni skrubu. Kwenye chipbodi, kila ukifungua na kufunga, tundu linapanuka. Ukilazimika kulibomoa ili kuhama, jaza lile tundu gundi ya mbao na vijiti vya kuchokolea meno, acha likauke usiku mzima, ndipo ukaze.

Vitanda vya chuma navyo, angalieni uchomeleaji. Mshono uzunguke bomba lote. Nimeshaona kitanda cha dukani kimegusishwa kwa nukta mbili tu na kupakwa rangi juu, mtoto akiruka wiki mbili kimeachia. Na ncha za bomba zizibwe, hasa sisi tulio karibu na bahari, kutu huanzia ndani usikoona.

BabaWatatu (Dodoma)

Mkuu wa Sinza umenisahihisha kwa haki. Nilikuwa nafikiria uimara wa kukaa mahali pamoja miaka thelathini. Kwa mpangaji uimara ni kuweza kufunguliwa, kupandishwa ngazi na kufungwa tena bila kulegea. Ukipata nafasi, agiza kabati la mbao la kufunguka kwa bolti, si la gundi. Linagharimu zaidi kidogo, lakini linapita popote.

BintiPangani

Hodi humu. Mmenikumbusha kitanda cha bibi yangu, Pangani. Matendegu ya kukerezwa, mifumbati, vitakizo, na kamba ya usumba imesukwa katikati. Sisi wajukuu tulilala watatu hadi wanne juu yake, na tukicheza kilikuwa kinazama kama bembea. Watu wa zamani waliviita teremka tukaze, maana kila baada ya muda mnashuka, kamba inakazwa upya, mnapanda tena. Babu alikuwa anaikaza mwenyewe kabla ya Idi.

Ninalotaka kusema ni kwamba kile kitanda kilikuwa kinalegea kila mwaka na bado kiko hadi leo, kwa mama mdogo. Kulegea kwake kulijulikana, na dawa yake ilikuwa mikononi mwa aliyekilalia. Nikinunua kitu sasa naangalia hilo. Droo hii ikiharibika reli, nitaipata wapi? Mguu huu ukivunjika, fundi wa mtaani kwangu anaweza kukereza mwingine? Niliwahi kununua meza ya kutoka nje, nzuri kweli kweli, kifungo kimoja cha plastiki kikavunjika na meza nzima ikawa haina kazi. Hakuna aliyekuwa na kifungo kama kile.

KaribuNgongRoad (Nairobi)

Habari zenu majirani. Huku kwetu wengi hununua Ngong Road au Gikomba, na ushauri wa kuona fremu ninauunga mkono kabisa. Kitu cha kuongeza ni kwamba tulikuwa na marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali tangu Februari 2018 hadi ilipoondolewa Julai 2023. Saipresi ikaadimika, bei ikapanda, na watengenezaji wengi wakageukia mkaratusi usiokauka. Mkaratusi mbichi hujikunja na kupasuka ovyo. Ukinunua fanicha iliyotumika iliyotengenezwa miaka ile, kagua miguu kama bado imenyooka.

RandaNaMsasa

Hilo la fanicha iliyotumika ni ushauri mzuri sana. Mninga hukua polepole, mti unaofaa kukatwa leo ulianza kabla ya babu zetu kuoa, na ndiyo maana unazidi kuwa ghali na kuwa mbali. Mwaka 2022 mninga, mkongo na mkangazi ziliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kuvuka mipaka. Kwa hapa ndani biashara inaendelea kwa vibali, lakini kama mtu anahama na anauza meza ya mninga ya miaka ishirini, nunua hiyo. Imeshakauka, kama ni ya kupasuka ingekwisha kupasuka. Nipe siku mbili na msasa, itarudi kama mpya.

NesiWaZamu

Samahani nachelewa kuchangia, natoka zamu ya usiku. Mmeongea vizuri kuhusu fanicha kudumu, naomba tuongee na kuhusu fanicha kuanguka. Mtoto wa miaka miwili mitatu anavuta droo ya chini, anakanyaga, anavuta ya pili, anapanda kama ngazi. Droo zikiwa wazi zote uzito unakuja mbele, kabati linamwangukia. Marekani mwaka 2016 kampuni ya fanicha ya IKEA iliwaomba wateja warudishe makabati ya droo kama milioni 29 baada ya watoto kufa kwa namna hiyo. Ni makabati mapya kabisa, tena ya kiwanda. Uimara wa mbao hausaidii hapa. Kabati zito ndilo hatari zaidi.

Dawa yake ni vyuma viwili vya L na skrubu nne za ukutani. Mwenye nyumba akigomba kwa matundu manne ya ukuta, mwambieni mtayaziba mkihama. Runinga nayo isikae juu ya kabati la droo.

Vitanda vya ghorofa: chini ya miaka sita mtoto asilale juu. Ukingo wa juu unatakiwa uzidi uso wa godoro kwa sentimita 13 hivi, na nafasi kati ya mbao na mbao isifike sentimita 9, mwili usije ukapita na kichwa kikabaki. Kosa ninaloliona majumbani ni godoro. Fundi anatengeneza ukingo mzuri kwa godoro la inchi nne, mzazi kwa mapenzi yake ananunua la inchi nane, ukingo wote unamezwa. Mpeni fundi kipimo cha godoro kabla hajakata mbao. Kitanda cha kichanga chenye fito, nafasi isizidi sentimita 6.

Na meza za vioo jamani. Kama ni lazima, kiwe kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile ambacho kikivunjika hutawanyika punje punje butu. Kioo cha kawaida hutoa vipande kama visu.

MamaMapacha (Mwanza)

Nesi, Mungu akubariki. Nimesoma nikainuka kwenda kutikisa kabati la wanangu. Linacheza. Kesho fundi anakuja.

Bado sijajibiwa la kitambaa.

BabaWatatu (Dodoma)

Samahani mama, lilinipita. Sisi la sasa tumelishonesha foronya zenye zipu, za kukalia na za kuegemea zote, na tukanunua kitambaa cha ziada mita sita siku ile ile, kutoka jora lile lile. Ukirudi mwaka ujao rangi ile huipati. Kila mwezi zinavuliwa, zinafuliwa, zinaanikwa kivulini. Ndani ya foronya kuna kava jingine la nailoni linalozuia maji yasifike kwenye sponji, maana sponji likishanuka mkojo halisafishiki. Rangi tulichagua ya udongo yenye mchanganyiko, siyo moja iliyokolea, kwa sababu kahawia tupu inaonyesha uji na nyeusi inaonyesha vumbi la Dodoma.

Leza bandia, yaani ngozi ya kutengenezwa, sikushauri, hasa kwa Mwanza yenye joto na hewa ya ziwa. Inafutika kirahisi, hilo ni kweli, lakini ule utando wa juu unachoka kwa jasho, unyevu na mafuta ya nywele. Kwa dada yangu aliye Tanga ilianza kubabuka mwaka wa tatu, mtoto akawa anaibandua kidogo kidogo na kuitia mdomoni.

RandaNaMsasa

Na mshono wa pembeni uwe wa nyuzi mbili, mama. Kwa mapacha, nyuzi mbili.

BabaWatatu (Dodoma)

Wakuu narudi na habari za yule jirani. Jumamosi tulikwenda wote kwa fundi tukaikuta fremu imesimama. Ameiungia ulimi, pembe zimetiwa vipande vya pembetatu, mguu mmoja ukiinuka wa pili unafuata. Tatizo tulilolikuta ni moja, mbao ya mbele ya kochi la watu watatu ilikuwa na kifundo karibu na katikati, kikubwa kama yai. Fundi mwenyewe aliguna, akasema alidhani kitafunikwa. Hakubisha. Aliing'oa tukiwa pale pale, akapima nyingine, akatuonyesha pande zote nne kabla ya kuikata.

Kitambaa kinaanza kuvishwa Jumatatu. Vyuma vya L vya kabati la watoto jirani ameshavinunua, bado keekee tu, na hiyo nitamwazima ya kwangu.